Mlangoni Pimeni Uwakili: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Law School

Kwa waheshimiwa mnaosimamia Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, ambayo kuanzia Kariakoo hadi Kasulu watu wanaiita Law School basi.

Mimi ni hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Sikuwahi kuwa wakili, wala shahada sina. Cheti changu cha sheria nilikipata Mzumbe enzi zile ikiitwa IDM, nikapangiwa kituo, nikakaa kitini miaka 31 nikisikiliza mashauri ya mashamba, mirathi, talaka, mbuzi na matusi. Nayasema haya mapema asije mtu akadai mzee huyu anajifanya msomi. Ninayoandika hapa nimeyapata kitini, na mengine nimeyapata kibarazani kwangu mwezi uliopita, mjukuu wangu alipokuwa anaandaa maombi ya kujiunga nanyi.

Tulianzia steshenari moja karibu na stendi ya Msamvu. Binti alikuwa na bahasha ya kaki aliyoibana kwapani kama anabeba mtoto: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha shahada, transkripti, na picha ndogo za rangi. Kijana wa steshenari akaviskani kimoja baada ya kingine, akavikagua kwenye kioo, akasema bila hata kugeuka, "Dada, majina yako hayafanani." Kweli bwana. Jina la katikati lina herufi h kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwenye vyeti vya shule h imetoroka. Ama mwalimu aliyeandikisha darasa la kwanza, ama mimi niliyempeleka siku hiyo, mmoja wetu aliimeza. Tukavuka barabara, tukapanda ngazi mpaka kwa wakili, akaandaa kiapo cha jina, akagonga mhuri, tukalipa. Wakati tunashuka binti akacheka. "Babu, nimemlipa wakili ili niombe kuwa wakili."

Sina ugomvi na karatasi. Mtu anayetaka kuapisha wenzake lazima kwanza aeleweke yeye ni nani. Lakini usiku ule nilipoipitia orodha ya vyeti vile nikaona kwamba vyote vinaeleza alikopita. Hapana hata kimoja kinachoeleza kama anaweza kazi.

Na mlango ni huo mmoja. Zamani mhitimu alipita mafunzo kazini, kisha akahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Ikatungwa sheria ya mwaka 2007, mkaanza kupokea wanafunzi 2008, na tangu hapo anayetaka kuvaa joho la uwakili lazima apite kwenu. Siyo mawakili tu. Fungua tangazo la ajira ya hakimu mkazi au wakili wa serikali, utakuta limeandikwa wazi kwamba mwombaji awe amehitimu Law School. Kwa hiyo kijana aliyekaa chuo kikuu miaka minne akatoka na shahada ya sheria, kama hakupita kwenu, ana shahada ya kutundika sebuleni. Namjua mmoja anauza vipuri vya pikipiki. Anauza vizuri, lakini hakuvisomea.

Turudi Oktoba 2022, maana bila kurudi huko barua hii haina miguu. Matokeo ya mkupuo wenu wa 33 yalipotoka, wanafunzi walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wenye mitihani ya marudio 342. Walioondolewa 265. Nchi nzima ikageuka wataalamu wa elimu ya sheria kwa wiki tatu. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, akaunda kamati ya watu saba chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, akaipa siku 30. Vyuo vikasema Law School inabana kwa makusudi. Wengine wakasema vyuo vinazalisha wahitimu kama matofali. Wanafunzi wakasema wanaonewa. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, nasikiliza redio huku napalilia migomba, nikajisemea kwamba katika shauri hili kila upande una shahidi wa kweli.

Tusisahau tulikotoka. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba na wanafunzi wasiofika 15. Leo mkupuo mmoja tu wa kwenu ni mamia, na vyuo vinavyofundisha sheria viko Morogoro, Iringa, Mwanza, Arusha, Zanzibar na kwingineko. Huwezi kuwapokea wote kwa bahasha ya kaki peke yake. Ndiyo maana tangu mtikisiko ule hoja ya mtihani wa kujiunga haiishi kurudi mezani, na mimi naiunga mkono bila kumung'unya maneno. Anayekwama mlangoni amepoteza ada ya maombi. Anayekwama ndani amepoteza chumba cha kupanga Sinza, suti nyeusi, nauli, chakula cha mwaka mzima, na mara nyingi ng'ombe wa baba yake. Bodi ya Mikopo sasa ina mwongozo wake kwa wanafunzi wenu, jambo la kushukuru. Lakini mkopo nao ni deni, na deni la mtu aliyeondolewa halifutiki kwa kuwa ameondolewa.

Swali langu ni moja: mtihani huo utapima nini, na kwa lugha gani?

Niwaeleze kilichotokea kibarazani. Baada ya kutuma maombi nilimpa binti zoezi. Nikamwambia: mzee wa kijiji fulani ana ekari mbili za mahindi. Usiku mbuzi watatu wa jirani wameingia shambani, wamekula mistari kadhaa. Jirani anasema mbuzi si wake. Wewe ni wakili wa mzee. Andika hati ya madai. Nikampa saa moja, kalamu na karatasi za mistari. Simu yake nikaitia mfukoni mwangu.

Saa ilipokwisha alikuwa na nusu ukurasa. Alianza vizuri, mdai ni mtu mzima mwenye akili timamu, mkazi wa mahali fulani, na mdaiwa vivyo hivyo. Kisha akakwama. Alikuwa na neno la Kiingereza alilolisoma miaka minne, hajui Kiswahili chake. Nikamwambia, hilo ni chanzo cha madai. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Nilipoichukua ile karatasi nikatafuta tarehe mbuzi walipoingia: hakuna. Nani aliwaona: hakuna. Kitu gani kinaonyesha kwamba mbuzi ni wa mdaiwa, alama ya sikio, kengele, mchungaji: hakuna. Mahindi yaliyoliwa yana thamani ya shilingi ngapi: hakuna. Karani wangu yule wa zamani, mtu mkali, angeirudisha kabla ya saa nne asubuhi, na mdai angerudi kijijini kwa miguu.

Nikamwambia sawa, sasa iandike kwa Kiingereza. Hapo kalamu ikakimbia! Ukurasa mmoja na nusu, aya zimepewa namba, maneno mazito yamepangwa kama askari wa gwaride. Mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini kusoma najua. Nikaisoma mara mbili. Tarehe hakuna. Shahidi hakuna. Alama ya mbuzi hakuna. Thamani hakuna. Mapengo yaliyokuwa kwenye nusu ukurasa wa Kiswahili yalikuwepo yote, ila sasa yamevaa suti.

Nilikaa na karatasi zile mbili mpaka taa ya jirani ikazimwa. Wasomi wengi wakisikia mtu anataka Kiswahili kwenye mitihani ya sheria, wanadhani anaomba vijana walegezewe kamba. Mambo ni kinyume. Kiingereza cha darasani kimejaa sentensi za kukariri, na sentensi ya kukariri inamficha asiyejua. Kiswahili hakimfichi. Ukimwambia mtu wako kwa lugha yake kwamba mdaiwa alimsababishia hasara, atakuuliza papo hapo: hasara gani, lini, kiasi gani? Hata yeye mwenyewe anayeandika, masikio yake yanamsuta. Mtihani wa Kiswahili ungekuwa mgumu zaidi kwa mjukuu wangu, na ungemwambia ukweli mapema zaidi.

Sasa rudieni takwimu zenu za 2022 kwa jicho hilo. Katika wale 265, wangapi hawakujua sheria, na wangapi walijua sheria wakashindwa kuitoa kwa Kiingereza? Na katika wale 26, wapo waliovushwa na ufasaha tu? Sijasahihisha karatasi hata moja ya kwenu, sidai kujua. Nasema karatasi ya Kiingereza peke yake haiwezi kuwatenganisha watu hao. Hakimu akiletewa ushahidi unaoweza kumaanisha mambo mawili hatoi hukumu. Anaita shahidi mwingine.

Shahidi huyo sheria imeshampa kiti. Tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria, pale Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimpongeza kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Mahakama Kuu Musoma. Mwezi uleule sheria zikarekebishwa: lugha ya sheria ni Kiswahili, lugha ya mahakama ni Kiswahili, na Kiingereza kikabaki cha kutumiwa pale haki ikikihitaji. Sisi wa mahakama za mwanzo tulicheka kidogo, maana ndiyo lugha tuliyokuwa tunaandikia mwenendo wa mashauri na hukumu siku zote, na hapana aliyepandishwa cheo kwa hilo. Utani tu. Nilifurahi sana.

Nilifurahi kwa sababu ya mwanamke mmoja. Nilikuwa nimempa ushindi katika shauri la kiwanja, mwenzake akakata rufaa, ikapanda, ikapanda tena. Siku moja akaja ofisini na karatasi nane zimebanwa pini. Alikuwa amezikunja mara nne na kuzifunga kwenye pindo la kanga. Akazinyoosha mezani kwangu kwa viganja vyote viwili. "Mheshimiwa, naomba unisomee. Nimeshinda au nimeshindwa?" Kule juu alikuwa na wakili. Wakili alimwambia wataongea, na hawakuwa wameongea. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameshindwa, na siku za kukata rufaa nyingine zilizobaki zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Shauri lake lilianza kwa Kiswahili, mashahidi wote walisema Kiswahili, kiwanja chenyewe kiko mahali ambapo hata Kiswahili wanachanganya na Kiluguru. Mwisho wake ukaandikwa kwa lugha ambayo yeye peke yake katika shauri lile hakuijua.

Najua mtakavyonijibu, na mna haki. Mtasema hukumu za Mahakama ya Rufani za miongo na miongo ziko kwa Kiingereza, na wakili asiyeweza kuzisoma ni dereva asiyeona vibao vya barabarani. Mtasema mikataba ya madini na ya mabenki haitaandikwa Kiswahili kesho. Mtasema Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha inaendesha mashauri yake kwa Kiingereza. Yote kweli, na ndiyo maana siombi Kiingereza kifukuzwe. Naomba kiwekwe mahali pake: wakili akisome, akielewe, halafu amweleze mteja wake. Mkitaka swali la mtihani wa kujiunga, nawapa bure. Mpeni mwombaji hukumu ya Mahakama ya Rufani ya kurasa kumi, kwa Kiingereza kama ilivyo. Mwambieni aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili kumweleza mama mwenye kanga kama ameshinda au ameshindwa, kwa nini, na afanye nini kabla ya tarehe gani. Asiyejua Kiingereza atakwama. Asiyejua Kiswahili atakwama. Asiyejua sheria atakwama kuliko wote, hata awe na ufasaha wa namna gani.

Swali la pili ni mbuzi wangu watatu. Badilisheni mbuzi wawe ng'ombe, mjukuu asije akapendelewa.

Jirani zetu Kenya nao wana ugonjwa wao kwenye mlango huohuo. Sheria ya Kenya School of Law ya mwaka 2012 iliweka sharti la wastani wa C+ kwenye mtihani wa sekondari, na B ya Kiingereza au Kiswahili. Neno hilo dogo, "au", mimi nalipenda: linakubali kwamba mwanasheria anaweza kuthibitisha uwezo wake wa lugha kwa Kiswahili. Sehemu iliyobaki siipendi, na wao wenyewe wameshaburuzana mahakamani mara nyingi kuihusu, maana inamhukumu mtu wa miaka 25 mwenye shahada kwa alama alizopata akiwa na miaka 17. Mkitunga masharti yenu, chukueni lile "au" lao, alama za utotoni waachieni.

Lipo jambo jingine dogo, na nitalisema haraka kwa kuwa linajieleza. Nyinyi mnajua kila chuo kimewaletea wahitimu wangapi na wangapi kati yao wamevuka. Tangazeni kila mwaka, chuo kwa chuo. Mzazi wa kijana aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu anachagua chuo cha sheria kwa kuangalia umbali, ada na uzuri wa kalenda ya ukutani. Mpeni kitu kingine cha kuangalia. Vyuo vitanuna, kisha vitafundisha.

Na kama mtihani wa kujiunga utakuja, toeni mifano ya maswali mapema, iwekwe mahali ambapo kijana wa Namtumbo ataipata sawa na kijana wa Mikocheni. Nasema hivi kwa sababu nafahamu kitakachofuata ukifanywa siri: yatazuka madarasa ya twisheni, kila mmoja akinong'ona kwamba anawajua watungaji, na bahasha ya kaki itaongezewa bahasha nyingine.

Mtaniuliza, wewe mzee wa mahakama ya mwanzo yanakuhusu nini? Zamani yasingenihusu. Wakili alikuwa haruhusiwi kukanyaga mahakamani kwetu kumtetea mtu. Siku hizi sheria imelegezwa, na mahakama ya mwanzo ikiongozwa na hakimu mkazi, wakili anaingia. Maana yake wahitimu wenu sasa watasimama pale nilipokuwa nakaa mimi, mbele ya wazee wa kijiji wenye kofia mikononi, kwenye shauri la mbuzi. Wakifika pale na sentensi za gwaride, watu watawasikiliza kwa adabu, halafu watamgeukia karani na kumuuliza, "Amesemaje?"

Waheshimiwa, maombi yangu ni kwamba kabla dirisha lijalo la maombi halijafunguliwa mtoe tangazo: mwombaji atapimwa au hatapimwa, atapimwa nini, na kwa lugha gani. Ukurasa mmoja unatosha. Mkiuandika kwa Kiswahili nitashukuru.

Mjukuu wangu ameshatuma maombi yake na kiapo cha herufi h kimeambatanishwa. Jana jioni aliniletea hati ya madai ya nne. Tarehe ipo, mashahidi wawili wapo, mbuzi mmoja ana sikio lililokatwa ncha. Thamani ya mahindi bado amesahau.

Naomba kuwasilisha.

Hakimu mstaafu, Morogoro